Mpe mwalimu mlezi kitu cha kuangalia

Wenzangu wa mwaka wa kwanza na wa pili mnaosubiri orodha ya vituo vya BTP, makala hii ni yenu. Kila mwaka tunaulizana mambo yale yale: umepangwa mkoa gani, pesa ya Bodi imeingia, chumba huko ni shilingi ngapi. Sijasikia mtu akiuliza ataishije na mwalimu mlezi, yule mwenye somo pale shuleni ambaye unakabidhiwa kwake kwa wiki nane. Na mimi sikuuliza.

Nilipangwa Goweko, wilaya ya Uyui, kwenye stesheni ya Reli ya Kati mashariki ya Tabora. Shule siitaji. Mlezi wangu, mwalimu wa Historia wa miaka mingi, alinipokea vizuri, akanitafutia chumba kwa mama mmoja jirani na shule, akanipa Kidato cha Pili mikondo miwili. Baada ya hapo akaendelea na shughuli zake. Nikimpelekea andalio la somo, anasaini huku anaongea na simu. Mimi nikaona nimepata bahati. Jamani, nani anataka kusumbuliwa?

Wiki ya tatu msimamizi alikuja kutoka chuo. Alikaa kipindi kizima, akaniachia karatasi: wanafunzi kimya, mwalimu anauliza na kujibu mwenyewe. Alama sitazitaja, ila BTP hairudiwi kirahisi, na zikija tena kama zile nilikuwa nimekwisha.

Kwa siku mbili nilimkasirikia mlezi wangu. Kwa nini hakuniambia? Baadaye nikakubali ukweli: hakuwahi kuniona nikifundisha, na mimi ndiye niliyemfungia mlango. Kila aliponiuliza, "Vipi madam, darasa linaendaje?" nilimjibu, "Linaenda vizuri, mwalimu." Sasa mtu aliyeambiwa mambo ni mazuri akusaidie nini?

Mmarekani Kathy Kram, katika kitabu chake cha 1985 kuhusu malezi kazini, anagawa msaada wa mlezi katika mafungu mawili: kumfungulia mtu njia katika kazi, na kumjenga ndani ili ajiamini. Fungu la kwanza ndilo tunalolipenda. Tabora penyewe pana mfano wake: Nyerere alipokuwa mwalimu St. Mary's, Padri Richard Walsh alimhimiza na kumsaidia mpaka akaenda kusoma Edinburgh mwaka 1949. Lakini Kram anaonyesha pia kwamba uhusiano huu una hatua: unaanza, unakomaa, watu wanatengana, halafu unageuka kuwa wa namna nyingine. Kazini hatua hizo zinaweza kuchukua miaka. Sisi wa BTP tuna wiki nane, na mimi nilishatumia tatu kwa kusainiwa.

Jumatatu nikamfuata ofisi ya walimu wakati wa chai. Nikamwamkia, nikamwekea mezani karatasi ya msimamizi, alama na kila kitu. Aliisoma taratibu. Nikasema, "Mwalimu, naomba kesho uje ukae nyuma dakika kumi na tano. Usiangalie kila kitu. Niangalie ninavyouliza maswali tu."

Akacheka. "Madam, wanaokuja hapa huwa wanataka saini. Mimi najua mmekuja na mbinu mpya, hamtaki kufundishwa na wazee."

Yaani wote wawili tulikuwa tunaogopana.

Kesho yake alikaa dawati la mwisho na saa yake ya mkononi. Baada ya kipindi alinipa kipande cha karatasi chenye namba: 1, 1, 2, 1, 1, 3, 1. Ni sekunde nilizosubiri baada ya kila swali kabla ya kulijibu mwenyewe. Utafiti wa Mary Budd Rowe wa miaka ya 1970 nilikuwa nimeusoma chuoni: walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu, na wakifika tatu majibu ya wanafunzi yanarefuka. Niliujibia mtihani vizuri kabisa. Darasani sikuuona mpaka mzee aliponihesabia.

Halafu akaongeza jambo ambalo Rowe hakuniambia. "Unauliza kwa Kiingereza. Mtoto anakigeuza Kiswahili kichwani, anatafuta jibu, halafu anatafuta Kiingereza cha jibu. Sekunde moja inamtosha nani?"

Kipindi kilichofuata tulikuwa na biashara ya masafa marefu. Tura na Kigwa, majina wanayoyajua watoto hawa, ni vituo vya misafara ambavyo Burton alivipitia mwaka 1857 akienda Tabora. Nikauliza: kijana wa Kinyamwezi alijifunzaje upagazi? Nikahesabu moyoni. Kimya kile, ndugu zangu, kinauma. Nilipofika sita, msichana wa nyuma akajibu kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba kijana alimfuata kaka yake akiwa amebeba chungu. Alikuwa sahihi: wavulana walifuata misafara wakiwa na vitu vyepesi, vyungu na mikeka, kabla ya kufikia mzigo wa mtu mzima wa kilo thelathini hivi. Mimi sikuwa nimeiandika kwenye nukuu zangu.

Tangu hapo mzee alikuja mara mbili kwa wiki, kila mara kwa jambo moja nililomwomba. Na mimi nilimchapia mitihani ya majaribio kwenye laptop yangu, maana alikuwa akiiandika kwa mkono. Hapa muwe macho: kumsaidia mlezi ni kitu kimoja, kubebeshwa vipindi vyake vyote na kusahihisha madaftari ya shule nzima ni kingine. Semeni mapema, kwa adabu, mnaweza kubeba vipindi vingapi. Na sisi wa kike, mazungumzo yote yawe ofisi ya walimu, mchana, watu wakiwepo. Mlezi mwema hatakasirika. Anayekasirika, nendeni kwa mwalimu wa taaluma au kwa msimamizi wenu bila kusubiri BTP iishe. Na kama wako hana ubaya, ila hana muda tu, ulizeni vikao vya jumuiya ya ujifunzaji vya MEWAKA shuleni hapo. Walimu hukaa kujadili ufundishaji, na mwanachuo mwenye swali anaweza kuomba kukaa nao.

Msimamizi alirudi wiki ya saba. Nilipita.

Wiki ya mwisho mzee aliniita. "Madam, na wewe njoo unihesabie." Nilikaa dawati lile lile la nyuma kwenye Kidato cha Tatu, na simu yangu mkononi, nikamwandikia namba zake. Ya kwanza ilikuwa 1.