Kifyatuo, Kichujio au Kiteuzi? Tatizo la Istilahi katika Utambuzi wa Myuoni

1.0 Utangulizi

Mjadala wa istilahi za sayansi katika Kiswahili umeegemea mno kwenye njia za kuunda maneno, na dhana zenyewe zimepewa nafasi finyu. Makala haya yanachunguza dhana moja tu ya fizikia ya chembe, yaani mfumo unaoamua, protoni zinapogonganishwa, ni tukio gani lihifadhiwe na lipi litupwe. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilichapishwa mwaka 1990, miaka 18 kabla ya mtambo mkubwa wa CERN, karibu na Geneva, kuwashwa kwa mara ya kwanza. Mwalimu anayeifundisha dhana hii hana budi kujitafutia neno, na neno baya litampotosha mwanafunzi hata kama hesabu zake ni sahihi.

2.0 Dhana yenyewe

Myuoni iligunduliwa mwaka 1936 na Carl Anderson na Seth Neddermeyer katika miale itokayo angani. (Kiishio -ni kisimbabaishe msomaji: si cha mahali, kama ilivyo katika elektroni na protoni.) Tungamo lake ni takriban mara 207 ya lile la elektroni, nayo hupenya chuma kinachozizuia chembe nyingine nyingi. Kwa hiyo vihisi vyake huwekwa nje kabisa, na chembe yenye chaji inayofika huko huelekea kuwa myuoni.

Ugumu umo katika wakati. Mafungu ya protoni hupishana hadi mara milioni 40 kwa sekunde, yaani kila baada ya nanosekunde 25. Katika muda huo nuru husafiri mita 7.5 tu, ilhali kigunduzi cha ATLAS kina urefu wa mita 46 na kipenyo cha mita 25. Kabla myuoni za mgongano mmoja hazijatoka nje, mgongano mwingine umekwisha kutokea. Hakuna ghala liwezalo kupokea yote. Katika kipindi cha 2015 hadi 2018, hatua ya kwanza ya uamuzi, inayofanywa na saketi za elektroniki, ilipunguza matukio hadi yasiyozidi 100,000 kwa sekunde. Hatua ya pili, inayofanywa na kompyuta, ikabakiza kama 1,000.

Saketi hizo hazioni picha kamili. Hutazama alama chache katika tabaka za vihisi na kukadiria jinsi njia ya myuoni ilivyopindwa na sumaku: njia iliyonyooka zaidi huashiria kasimwendo kubwa. Kizingiti kikiwekwa chini mno, mfumo hufurika myuoni zitokanazo na kuoza kwa pioni na kaoni. Kikiwekwa juu mno, hupotea matukio adimu, mathalani yale ya myuoni nne yaliyokuwa miongoni mwa ushahidi wa chembe ya Higgs uliotangazwa tarehe 4 Julai 2012. Kilichokataliwa hakirudi.

3.0 Uchambuzi wa maneno

Kichujio ndilo neno linalokuja upesi, na lina udhaifu. Anayechuja tui hubaki na chicha mkononi. Akitaka, ataikamua tena. Mwanafunzi aliyezoea picha hiyo atadhani matukio yaliyokataliwa yamewekwa mahali fulani yakisubiri kuchunguzwa upya. Isitoshe, chujio halimwamuru mtu yeyote, ilhali uamuzi wa hatua ya kwanza ni amri: vihisi vyote vya kigunduzi hutakiwa vitoe taarifa zao.

Kiteuzi kinabeba maana ya hukumu, lakini kinanyamazia amri hiyo.

Kifyatuo huepukwa na baadhi ya watu kwa kuwa kinanukia bunduki. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani matofali hufyatuliwa na mtego hufyatuka bila risasi. Lililo muhimu zaidi ni kwamba fyatua ni kauli ya kutendua ya fyata, kama fungua ilivyo ya funga. Kufyata ni kubana, kama mbwa afyatavyo mkia au mtu afyatavyo ulimi. Ndivyo ufanyavyo mfumo huu. Katika ATLAS ya kipindi hicho, taarifa za kila mpishano zilibanwa katika kumbukumbu za muda kwa mikrosekunde 2.5 hivi, maana yake mipishano 100 ilisubiri foleni kwa pamoja. Uamuzi ukiwa ndiyo, taarifa huachiliwa. Usipofika, hufutwa na nyingine. Kiingereza nacho kilichukua neno la bunduki, lakini neno hilo halina jozi ya kubana na kuachia iliyomo katika mzizi wa Kiswahili.

Hakuna sababu ya kulilazimisha neno moja kubeba hatua zote mbili kwa kuwa tu Kiingereza hufanya hivyo. Kifyatuo kifae hatua ya kwanza, na tendo lake liitwe kuteua tukio. Hatua ya pili, ambako kompyuta huweza kuzifikia taarifa kamili za tukio, inaweza kuitwa kichujio, mradi mwalimu aeleze kwamba hapa chicha hutupwa. Kati ya kifyatuo na kifyatulio, umbo la kwanza ni fupi nalo linaelekea kukubalika zaidi, ingawa la pili, lenye kiambishi cha kutendea, linafuata vizuri mkondo wa kichujio.