Mtaa Unaotembeka: Mwongozo kwa Viongozi wa Mitaa, Kata na Maofisa Mipango

Mwongozo huu umeandikwa kwa wenyeviti na watendaji wa mitaa na kata, madiwani, maofisa mipango miji na wahandisi wanaofanya nao kazi. Unaeleza namna ya kuziingiza safari za miguu na za baiskeli katika mpango wa maendeleo wa mtaa, zipate nafasi, fedha na ulinzi sawasawa na safari za magari.

Wakazi wengi wa miji ya Tanzania wanatembea tayari. Hata anayepanda daladala huanza safari kwa miguu mlangoni kwake na kuimaliza kwa miguu baada ya kushuka kituoni. Kuhamasisha watu kama hawa kwa fulana na hotuba ni kupoteza fedha. Wanachohitaji ni njia iliyo salama. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani mwaka 2021. Katika kila 100 waliokufa, 23 walikuwa waenda kwa miguu na 6 waendesha baiskeli. Mpango wa mtaa unaotaja lami, mitaro na taa bila kusema mtoto atavukia wapi haujakamilika, na kikao kinayo haki ya kuurudisha.

Anzeni na njia zilizopo

Kabla ya mkutano mkuu wa mtaa, tembeeni mtaa wenyewe. Msitembee saa nne asubuhi tu, muda ambao wengi wameshafika makazini. Nendeni saa kumi na mbili alfajiri wanafunzi wanapotoka, mrudi jioni giza likiingia, na mwende tena wakati wa masika, maana njia nyingi zinazopitika Januari hazipitiki Aprili. Mfuatane na watu wanaoijua njia kwa mwili wao: mwanafunzi wa shule ya msingi, mama lishe anayebeba vyombo, mzee, mtu anayetumia kiti mwendo, na fundi baiskeli. Fundi baiskeli ni shahidi muhimu kuliko anavyochukuliwa, kwa kuwa rimu zinazopinda kwa sababu ya mashimo na mitaro ya mtaa huletwa kwake.

Andikeni mnachokiona: mtaro usio na mfuniko, njia inayoishia kwenye ukuta, mahali maji yanapotuama, mahali pasipo na taa, na mahali watu wanapovuka barabara hata kama hapana kivuko. Hili la mwisho lipewe uzito. Watu wakivuka mahali fulani kila siku, wana sababu yake: kisima, kituo cha daladala, genge, msikiti, lango la shule. Kivuko kikichorwa mita 200 kutoka hapo, wengi wataendelea kuvuka palepale.

Kisha hesabuni watu. Chagueni sehemu mbili au tatu zenye watu wengi, kaeni hapo kwa muda wa saa mbili asubuhi na muda kama huo jioni, mkiandika waenda kwa miguu, baiskeli, bodaboda, bajaji na magari, kila kundi peke yake. Jedwali la ukurasa mmoja lina nguvu katika Kamati ya Maendeleo ya Kata kuliko malalamiko ya mwaka mzima, kwa sababu linaonyesha barabara hiyo inatumiwa na nani hasa.

Matokeo yote yawekwe kwenye ramani. Dar es Salaam imeshaonyesha kuwa kazi hii iko ndani ya uwezo wa wananchi: kuanzia mwaka 2015, kupitia Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wakazi kuchora ramani za kata zinazokumbwa na mafuriko, wakitumia OpenStreetMap ambayo ni bure. Mtaa usio na vifaa vya kazi hiyo uchore ramani kwa mkono kwenye karatasi kubwa na uihifadhi ofisini.

Vichochoro visipotee kwenye urasimishaji

Katika makazi yaliyojengwa bila mpango, njia fupi za miguu ndizo zinazounganisha nyumba na shule, soko na zahanati. Urasimishaji, ambao mojawapo ya misingi yake ya kisheria ni Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, ndio wakati njia hizo zinapookolewa au kupotea. Mazungumzo huelekea zaidi upana wa barabara ya gari, na kichochoro cha mita moja na nusu hakitajwi na mtu. Baada ya bikoni kusimikwa kinakuwa ndani ya kiwanja cha mtu, ukuta unajengwa, na mtoto aliyekuwa akifika shuleni kwa dakika tano sasa anazunguka kwa barabara kuu yenye malori.

Kwa hiyo, kabla wapimaji hawajaanza kazi, mtendaji ahakikishe kila njia ya miguu inayotumika imeonyeshwa kwenye mchoro wa mipango miji. Makubaliano ya majirani wanaopakana na njia hiyo yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao na kusainiwa nao. Sioni kazi nyingine katika mwongozo huu yenye faida kubwa kwa gharama ndogo kama hii. Haihitaji zege wala mkandarasi, ila ikichelewa haina marekebisho rahisi.

Shule iwe ya kwanza

Mtaa ukiwa na fedha za kutosha mahali pamoja tu, mahali hapo pawe shuleni. Shirika la Amend lilifanya kazi katika shule za Dar es Salaam kwa hatua za kawaida kabisa: njia ya miguu pembeni mwa barabara, matuta, alama, nguzo fupi za kuzuia magari, na pengine kuhamisha lango la shule kutoka barabara yenye magari mengi kwenda upande wenye utulivu. Mradi huo, SARSAI, ulipata tuzo ya kwanza ya miji ya WRI Ross Center mwaka 2019.

Mwendo wa gari ndio unaoamua aliyegongwa atapona au atakufa. Azimio la Stockholm la Februari 2020 linapendekeza kikomo cha kilomita 30 kwa saa mahali magari yanapochangamana na waenda kwa miguu na baiskeli. Mtaa hauna mamlaka ya kuweka kikomo hicho, lakini unaweza kuomba matuta na alama. Wananchi wasijijengee matuta ya magogo au udongo: hayana alama, na humwangusha mwendesha baiskeli kabla ya kumpunguzia mwendo mwenye gari.

Baiskeli

Tanga ni mfano mzuri wa hapa nyumbani. Mji ni tambarare, na barabara za Ngamiani zenye namba zinakatana kwa mpangilio unaomwezesha mtu kufika sehemu nyingi bila kupita barabara kuu. Penye mitaa yenye mwendo mdogo kama hiyo, baiskeli haihitaji njia yake. Inahitaji magari yaende taratibu. Penye barabara ya mwendo mkubwa itengewe njia yenye upana wa mita 2 na itenganishwe na magari kwa ukingo wa zege. Mstari wa rangi hautoshi.

Njia za baiskeli zilizojengwa kando ya Barabara ya Morogoro pamoja na mradi wa mabasi yaendayo haraka, ulioanza huduma Mei 2016, zinatufundisha jambo la pili: njia isiyo na msimamizi huvamiwa na bodaboda, magari yanayoegeshwa na meza za biashara. Wekeni nguzo fupi kwenye maingilio, zikiachana kiasi cha kupitisha kiti mwendo. Na wafanyabiashara washirikishwe mapema, wapangiwe upande wao, kwa kuwa genge lenye taa usiku ni ulinzi kwa mwanamke anayerudi kutoka kazini.

Sehemu za kufungia baiskeli ziwepo sokoni, zahanati na vituoni. Vikundi vya vijana mafundi vielekezwe kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu.

Maombi yafike panapohusika na kwa wakati

Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za wilaya, mijini na vijijini, ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Ombi likienda kwa asiyehusika hukaa mezani. Ulizeni pia kama barabara yenu imo kwenye orodha ya mtandao wa TARURA, kwa kuwa isiyomo haitengewi fedha za matengenezo. Kuiombea iingizwe ni hatua ya kwanza.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili, hivyo ombi linaloandikwa Mei limechelewa. Mkishauona mtaa wakati wa masika, utembeeni tena na hesabuni watu kati ya Agosti na Oktoba, vipaumbele vipitishwe na mkutano mkuu kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata ivipokee kabla Desemba haijaisha, vikiambatana na ramani, jedwali na muhtasari wenye saini. Ndugu mtendaji, kama mtaa wako haujafanya matembezi hayo, panga tarehe wiki hii na umwalike mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu.