Mbinu za Kupeleka Ujumbe wa Redio kupitia Vimondo

Kila siku mabilioni ya chembe kutoka angani huingia kwenye angahewa ya dunia na kuungua kama vimondo. Kila moja huacha mchirizi wa hewa yenye chaji ya umeme, kimo cha kilomita 80 hadi 120, na mchirizi huo huweza kurudisha mawimbi ya redio ardhini. Kanada iliutumia katika mfumo wa JANET miaka ya 1950. Mwaka 1965 NATO nayo ikaanzisha mfumo wa COMET, wenye vituo Uholanzi, Ufaransa, Italia, Ujerumani Magharibi, Uingereza na Norway. Anayepanga mawasiliano ya namna hii azingatie haya:

1. Pima umbali. Vituo visiwe mbalimbali kwa zaidi ya kilomita 2,000 hivi. Kupita hapo, mviringo wa dunia huziba njia. Ikibidi kuvuka umbali huo, weka kituo cha kati.

2. Chagua masafa ya megahezi 40 hadi 50. Chini ya hapo kelele huzidi; juu yake mwangwi hufifia na kukatika upesi.

3. Elekeza antena pembeni kidogo ya mstari unaounganisha vituo, kwani vimondo vinavyofaa zaidi hupita kandokando yake. Antena yenye mwale mwembamba mno itakosa vingi.

4. Andaa ujumbe mapema. Michirizi mingi haimalizi hata sekunde moja. Kituo kikuu kiite mfululizo. Cha mbali kikisikia tu, kijue njia imefunguka, kirushe ujumbe papo hapo. Ukate vipande vifupi, na kisichothibitishwa kupokelewa kisubiri kimondo kingine.

5. Panga ratiba kwa kufuata hali ya jioni, ambayo ndiyo mbaya zaidi. Karibu na saa 12 asubuhi vimondo huwa vingi, kwa sababu upande huo wa dunia ndio unaotangulia katika safari ya kulizunguka jua. Saa 12 jioni hupungua sana, na kusubiri hurefuka.

6. Fumba ujumbe. Mwangwi huangukia eneo dogo, hivyo adui aliye mbali nalo hapati kitu. Aliye karibu na mtambo, hata hivyo, anaweza kuunasa.

COMET ulipitisha wastani wa biti 115 hadi 310 kwa sekunde, kutegemea msimu. Kwa mazungumzo ya sauti, njia hii haifai. Kwa amri fupi, au kama akiba setilaiti zikizimwa, inatosha.