Sinema ni Kazi ya Kikundi

Siku hizi hata simu ya mmoja wenu inaweza kupiga sinema. Shida ni kushika simu kabla ya kupanga. Kazi ina hatua tatu:

1. Matayarisho. Mwandishi anaandika hadithi. Mtayarishaji anatafuta pesa, mahali na ruhusa.

2. Kupiga picha. Mwongozaji anaelekeza waigizaji, mpiga picha anashika kamera, mtu wa sauti anaangalia upepo usimeze maneno.

3. Kuhariri. Mhariri anakata yasiyofaa na kuunganisha yaliyobaki. Ndipo mnaonyesha watu.

Katika Supa Modo, filamu ya Kenya ya 2018 iliyoongozwa na Likarion Wainaina, kijiji kizima kinamtengenezea sinema msichana mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Watu wanagawana kazi.

Sisi tunakazia neno ruhusa. Mama mjane akiwasimulia alivyonyang'anywa shamba, mwulizeni kabla ya kumpiga picha. Mkimaliza kuhariri, yeye aone kwanza. Akisema hapana, basi. Picha ikishatoka hairudi.

Jadilianeni: Hadithi yetu ni ya nani? Nani kati yetu anajua kusikiliza? Huyo apewe kazi ya sauti.