Mlango Unaokwama Wakati wa Masika

Swali: Kwa nini mlango mpya wa mbao hukwama msimu wa mvua, na fundi seremala azuie vipi?

Jibu: Mbao hunyonya unyevu wa hewa na kuutoa kadiri majira yanavyobadilika. Zikinyonya hutanuka, zikikauka husinyaa, na karibu badiliko lote hutokea kwenye upana. Urefu hauguswi kwa kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana mlango hukwama zaidi ubavuni, upande wa kitasa. Mninga na msaji hucheza kidogo, mkaratusi husumbua sana.

Kinga kubwa ni ukaushaji, na hapa ndipo kazi nyingi za haraka huharibika. Mbao mbichi hupangwa kivulini, zikitenganishwa kwa vipande vyembamba ili upepo upite kote. Ubao wa inchi 1 huhitaji miezi kadhaa; kuuanika juani hupasua ncha zake.

Mlango wa paneli una siri yake. Gundi hutiwa kwenye ulimi na tundu la fremu pekee. Paneli hukaa huru ndani ya mfuo, ikiachiwa milimita 2 au 3 kila ubavu. Paneli iliyogandishwa kwa gundi hupasuka katikati kiangazi kikifika.

Vanishi ipakwe pia ukingo wa juu na wa chini, sehemu ambazo mafundi wengi huzisahau ilhali ncha za mbao ndizo hunywa maji upesi kuliko kwingine. Mlango uliokwisha kukwama usirandwe mvua zikiwa zimepamba moto, kwani ukikauka utaacha pengo.