Kitabu cha Watu Kwenye Rafu Yangu



Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Nairobi, mtaa wa Majengo, Pumwani. Siku ya tatu mdogo wangu wa kiume, aliye kidato cha nne, alirudi kutoka maktaba ya umma akiwa amenuna. Alikuwa amekwenda kuomba kadi ya uanachama ili aazime vitabu vya kujiandaa na mtihani wa taifa. Fomu ilihitaji mdhamini, naye akamwandika Baba, kama nilivyomwandika mimi zamani. Mkutubi alitazama kwenye kumbukumbu zake, akamwambia kwa upole, "Baba yako amemdhamini mtu ambaye bado ana kitabu chetu. Kikirudi, njoo nikupe kadi."

Mtu huyo ni mimi. Nilikiazima kitabu hicho cha sarufi ya Kiarabu wiki chache kabla ya kuja chuoni. Nikakipakia pamoja na nguo, nikavuka nacho mpaka kuja Uganda, na kwa miaka miwili kimekaa kwenye rafu ya chumba changu bwenini. Kimenisaidia kufaulu nahau. Wenzangu wawili wamekisomea pia. Kila likizo nilisema nitakirudisha, na kila likizo nilikisahau. Aibu kubwa zaidi ni kwamba katika miaka hiyo hiyo nilisoma fiqhi ya miamala, nikafika mlango wa ariya, yaani kuazima, na nikapata alama nzuri.

Baba hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, huko chuoni mnasomeshwa nini?" Somo hili nimeliandika kwa sababu ya swali lake.

Maktaba ya umma inamfaa nani?

Wengi wetu tukisikia maktaba tunafikiria ile ya chuo. Maktaba ya umma ni kitu kingine. Haimuulizi mtu kitambulisho cha mwanafunzi wala ada ya muhula. Kwetu Majengo nyumba nyingi zina chumba kimoja au viwili, na jioni mtoto anayetaka kusoma anashindana na televisheni, wageni na wadogo zake. Kwake yeye, kiti na meza penye utulivu ni msaada mkubwa kabla hata hajafungua kitabu.

Ukikaa humo siku nzima, kama nilivyofanya likizo ile, utaona wanaokuja. Asubuhi ni wazee wanaosoma magazeti, na vijana wanaotafuta kazi na kuandika barua za maombi kwenye kompyuta. Mchana wanaingia wanafunzi, na siku za likizo watoto wadogo wanasomewa hadithi. Kuna maktaba zinazoonyesha filamu, zinazofundisha matumizi ya kompyuta, na zinazokutanisha waandishi na wasomaji wao. Huduma ya Maktaba za Taifa ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, ilivuka hata mipaka ya miji. Mwaka 1996 ilianzisha Garissa maktaba ya ngamia, ambapo ngamia hubeba masanduku ya vitabu pamoja na hema hadi kwa jamii za wafugaji, ambao wengi wao ni ndugu zetu Waislamu.

Lakini milango ya maktaba haikuwa wazi kwa watu wote tangu mwanzo. Aliyewahi kuswali Msikiti wa Jamia, katikati ya Nairobi, ameliona jengo la jirani lenye nguzo kubwa na sanamu za simba mlangoni. Hiyo ni Maktaba ya McMillan. Msikiti ulijengwa kati ya mwaka 1925 na 1933, na maktaba ikafunguliwa mwaka 1931, kwa hiyo majengo haya mawili ni ya rika moja. Mmoja uliwapokea waumini wa kila rangi. Nyingine, kwa miaka mingi ya ukoloni, ilikuwa ya Wazungu peke yao. Babu zetu waliotoka kuswali Ijumaa walipita kando ya vitabu wasivyoruhusiwa kuvigusa. Ni kuelekea uhuru tu ndipo ilipokuwa ya wakazi wote chini ya halmashauri ya jiji.

Majengo hayo nayo yalichakaa. Mwaka 2017 wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walianzisha taasisi ya Book Bunk, ambayo kwa makubaliano na serikali ya kaunti imekuwa ikikarabati McMillan na matawi yake mawili ya Kaloleni na Makadara. Matawi hayo ya mitaani ndiyo yaliyotangulia kukarabatiwa, na yamekuwa mahali pa watoto kusoma na majirani kukutana. Nayataja kwa sababu watu waliohangaika kufungua milango hiyo wanaangushwa na msomaji kama mimi, anayeingia kwa mlango ulio wazi kisha akatoka na kitabu kisirudi.

Waliotutangulia waliazimaje?

Katika historia yetu maktaba za watu wote si jambo geni. Cairo mwaka 1005 ilifunguliwa Dar al-Ilm. Mwanahistoria al-Maqrizi ameeleza kwamba waliokuja kusoma na kunakili walipewa wino, kalamu na karatasi bila malipo.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Yaqut al-Hamawi, mwandishi wa Mu'jam al-Buldan, aliyefariki mwaka 1229. Aliishi mji wa Merv, ambao leo uko Turkmenistan, muda mfupi kabla ya Wamongolia kuubomoa. Anaeleza kwamba mji huo ulikuwa na hazina kumi za vitabu vya wakfu, na kwamba nyumbani kwake hapakukosa vitabu mia mbili au zaidi vya kuazima, vingi vikiwa bila rehani yoyote. Yaqut alikuwa mgeni mjini hapo, na utotoni aliwahi kuwa mtumwa. Wenye vitabu walimwamini kwa neno lake, naye alikusanya humo sehemu kubwa ya yale tunayoyasoma kwake leo.

Mimi nilipewa kitabu kimoja, na mdhamini wangu alikuwa baba yangu.

Hukumu ya kitu cha kuazima

Tukirudi kwenye darasa la fiqhi, ariya ni kumruhusu mtu anufaike na kitu bila malipo, kisha akirudishe chenyewe. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, mwazimaji ana dhamana. Kitu kikipotea au kikiharibika nje ya matumizi aliyoruhusiwa, atalipa hata kama hakuzembea. Kwa Wahanafi ni amana mkononi mwake, halipi ila akizembea au akivuka mipaka. Tofauti hiyo ni kubwa darasani. Kwa aliyekaa na kitabu miaka miwili baada ya tarehe ya kukirudisha haina msaada, kwa sababu amevuka mipaka kwa kauli zote mbili.

Kuna atakayesema, "Maktaba ya serikali si wakfu." Ni kweli, si wakfu kwa maana ya kisheria. Lakini ni mali ya umma, na mali ya umma ina wadai wengi. Nikichukua kitabu cha rafiki nitamwomba radhi yeye mmoja. Kitabu cha maktaba ya jiji nitamwomba radhi nani? Kila aliyekwenda kwenye rafu ile akakuta pengo ana haki yake kwangu, na simjui kwa sura wala kwa jina. Isitoshe, tulipojaza fomu tulikubali masharti, na tumefundishwa kwamba Waislamu hushikamana na masharti waliyoyakubali.

Na faini? Nimewasikia wenzetu wakisema, "Nitachelewa, nitalipa faini, yameisha." Faini si bei ya kukodi. Ni karipio kwa aliyevunja ahadi, na kuilipa hakumpi mtu ruhusa ya kuivunja tena.

Adabu tano kutoka kwa Ibn Jama'a

Badr al-Din Ibn Jama'a, kadhi na mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 1333, aliandika Tadhkirat al-Sami' wal-Mutakallim kuhusu adabu za mwalimu na mwanafunzi. Ndani yake kuna mlango mzima juu ya vitabu. Kwa ufupi, na kwa maneno yangu:

1. Kuazimisha kitabu kwa asiyeleta madhara ni jambo linalopendeza, kwa kuwa ni kusaidia elimu.
2. Mwazimaji amshukuru mwenye kitabu na amlipe wema.
3. Asikae nacho muda mrefu bila haja. Akishamaliza haja yake au akitakiwa kukirudisha, akirudishe.
4. Asiandike pembezoni wala kwenye kurasa tupu bila kujua kwamba mwenyewe ameridhia.
5. Asikiache chini kikiwa kimefunuliwa, bali akiweke mahali pa kukilinda kisichakae haraka.

Chukua kitabu chochote cha maktaba ulicho nacho sasa, ukipime kwa mambo haya matano. Changu kilianguka katika la tatu na la nne. Nilikuwa nimepigia mistari kwa kalamu ya wino sura nzima ya i'rab.

Jumuiya yetu ifanye nini?

Kwenye vikao vyetu limekuja mara nyingi wazo la kujenga maktaba ya Kiislamu. Ni wazo zuri. Lakini kabla ya kuchangisha fedha za matofali, tuangalie maktaba zilizopo kwenye miji tunakotoka. Tanzania ina Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, na matawi mikoani. Kigali ina maktaba ya umma tangu mwaka 2012. Hapa Uganda Maktaba ya Taifa iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na zipo maktaba za umma zilizo chini ya serikali za mitaa. Wakutubi wake mara nyingi ni wachache kuliko kazi iliyopo.

Napendekeza mambo matatu ya likizo, ambayo hayahitaji bajeti.

Kwanza, kila mmoja aende kwenye maktaba ya umma iliyo karibu na kwao, ajitambulishe kwa mkutubi, amuulize ni saa ngapi watoto wanakuja na ni msaada gani unahitajika. Kusoma hadithi kwa nusu saa, kusaidia hesabu za darasa la saba, kupanga vitabu kwenye rafu: kazi haikosekani. Twende kuwatumikia watoto wote wa mtaa, wa dini zote, na tusigeuze saa yao ya hadithi kuwa darasa letu.

Pili, tuwapeleke wadogo zetu kuandikishwa. Wapo wazazi wasioingia maktaba kwa sababu wanadhani ni mahali pa wasomi. Akienda na mtoto wake aliye chuo kikuu, hofu inapungua.

Tatu, kabla ya hayo yote, turudishe vitabu. Naomba kila usra iteue siku moja, kila mtu apekue rafu na begi lake, na cha watu kiende kwa watu.

Kitabu kilivyorudi

Siku ile ya aibu kitabu kilikuwa bado bwenini. Nilimpigia simu dada mmoja aliyebaki chuoni, akakifunga vizuri na kukipeleka kwenye ofisi ya basi la usiku. Kilifika Nairobi siku ya pili yake. Nilikwenda nacho maktaba pamoja na mdogo wangu, na nikalipa faini kwa fedha nilizokuwa nimeweka za viatu. Nikamwonyesha mkutubi ile mistari ya wino kabla hajaiona mwenyewe, nikamwuliza gharama yake. Aliifikiria, akasema nije Jumamosi mbili kupanga vitabu na kubandika karatasi mgongoni mwa vilivyochanika. Nilikwenda Jumamosi tatu.

Kabla ya kukirudisha kwenye rafu alifungua ukurasa wa kwanza, penye karatasi ya mihuri ya tarehe. Kabla yangu kilikuwa kikitoka karibu kila mwezi. Halafu muhuri wangu, na chini yake pako patupu. Hakusema kitu. Alipiga muhuri wa siku ile, akamgeukia mdogo wangu, akamwuliza jina lake kamili aandike kwenye kadi.

Allah atusamehe, na atujaalie tuwe watu wa kutekeleza amana.

Maswali ya kujadili kwenye halaqa

1. Mtu amepoteza kitabu cha maktaba ambacho hakichapishwi tena. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, dhamana yake ni nini, na ataitekeleza vipi?
2. Je, inafaa kumwazimisha mwenzako kitabu ulichokiazima wewe? Fikirieni kadi ni ya nani na masharti yalisemaje. (Mimi niliwapa wenzangu wawili.)
3. Tajeni maktaba ya umma iliyo karibu zaidi na nyumbani kwa kila mmoja wenu. Ni lini mlipoingia mara ya mwisho?