Mwenzi Wako Akivutwa na Mafundisho ya Uongo



Katika jumuiya ndogo ndogo tunasikia malalamiko ya namna moja. Mke (au mume, maana wanaume nao wamo) ameanza kwenda kwa nabii fulani. Mwanzo ilikuwa kesha la Ijumaa tu. Baadaye ameacha dawa za presha. Sasa ameambiwa kwamba ndoa yake si ya Mungu kwa kuwa mwenzake hajaokoka. Aliyebaki nyumbani afanye nini?

Kwanza tusichanganye mambo. Kupiga makofi, kusali kwa sauti kubwa au kuimba nyimbo za kanisa lingine si mafundisho ya uongo, hata kama hupendezwi nayo. Pima lile linalofundishwa. Anayesema uache ndoa kwa sababu mwenzako haamini anapingana na Mtakatifu Paulo, ambaye katika 1 Wakorintho 7 anamwambia mwamini asimwache mwenzi asiyeamini, ikiwa huyo anakubali kuishi naye. Anayekataza hospitali anapingana na Yoshua bin Sira sura ya 38, inayotutaka tumheshimu mganga na kutumia dawa, kwa maana vyote vimetoka kwa Mungu.

Na kufunga je? Kanisa hufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, lakini halimlazimishi mtoto, mgonjwa wala mzee. Huko Shakahola, kaunti ya Kilifi, tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watu waliofunga mpaka kufa wakitumaini kukutana na Yesu. Miongoni mwao walikuwamo watoto, na mtoto hachagui kufunga. Walioingia humo hawakuanza na njaa, walianza na mahubiri.

Sasa, namna ya kusema. Wengi hurarua vitabu vya yule nabii au kumfungia mama mlango usiku. Anayepigwa vita nyumbani hukimbilia kule anakoitwa mpendwa.

Soma Matendo ya Mitume 18. Priskila na Akula walikuwa mke na mume, mafundi wa kushona mahema. Huko Efeso walimsikia Apolo wa Aleksandria akihubiri katika sinagogi. Alikuwa msemaji hodari, tena anayajua Maandiko, ila alijua ubatizo wa Yohane tu. Hawakusimama kumbishia mbele ya watu. Walimchukua kando, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Baadaye ndugu walimwandikia barua ya kumtambulisha kwa waamini wa Akaya. (Baba wa nyumba, angalia kwamba Luka anamtaja mke kwanza.) Kweli, Apolo hakuwa mdanganyifu, alikuwa amepungukiwa. Lakini mwenzi wako naye kwa kawaida si mdanganyifu, amedanganywa.

Basi mchukue kando. Si mbele ya watoto, wala mbele ya mama mkwe. Muulize: "Mama Fulani, wamekufundisha nini leo?" Sikiliza mpaka mwisho. Huenda utasikia kwamba alikwenda kwa sababu ya uchungu ambao nyumbani hakuna aliyemuuliza habari zake. Kisha fungueni Biblia pamoja, msome sura nzima, si mstari mmoja uliokatwa. Usimtukane mhubiri wake. Pinga neno alilosema. Na palipo na ukweli katika aliyoyasikia, kubali.

Upole una mpaka. Mtoto akinyimwa chakula au dawa, au akitolewa shule, usingoje mazungumzo ya pili. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, umwarifu chifu au polisi. Cheti cha shamba nacho kikianza kutafutwa ili kiuzwe kwa ajili ya sadaka, waite wasimamizi wa ndoa yenu na wazee wa pande zote mbili mapema.

Siku mwenzi wako atakapokubali kwenda kwa Paroko, nenda naye, na umwache aseme yeye kwanza.